Kabla Hujatuma Arubuni ya Nyumba Amu

Simu huanza hivi: "Dada, nyumba ina vyumba vingapi vya kulala?" Nami hujibu, "Inalaza watu wanane." "Sawa, lakini vyumba vingapi?" Hapo huvuta kiti nikaketi, maana najua mimi na mtu huyu tuna nusu saa ya mazungumzo.

Nyumba ninayoiangalia ilikuwa ya marehemu nyanya yangu. Iko Mkomani, mtaa wa mji wa Amu (ndiyo Lamu), vichochoro vitatu kutoka baharini. Warithi ni wengi, wengine wako Mombasa, mmoja yuko Maskati, na walipokutana wakaona afadhali ikodishwe kuliko kuuzwa. Mimi ndiye niliyebaki Amu, kwa hiyo funguo ninazo mimi. Kabla ya hapo nilipikia wageni wa nyumba za watu kule Shela kwa miaka sita. Nimeona mengi jikoni. Haya namwandikia mtu wa Nairobi, Mombasa, Dar au kokote, anayetaka kuja na jamaa zake wakodi nyumba nzima kwa wiki moja, wasikae hoteli.

Mjini au Shela?

Hili liamue kabla hujaangalia picha hata moja. Mjini kuna soko, ngome, misikiti, mafundi nguo, mahamri ya alfajiri na baraza za wazee. Bahari ya mjini si ya kuogelea, ni ya gati na mashua na magunia ya saruji. Shela iko kilomita 3 hivi kusini, kijiji chenye ufuo mrefu na vilima vya mchanga nyuma yake. Nyumba za bei kali nyingi ziko huko, na nyingine unazoziona za kale zimejengwa juzi tu kwa mtindo wa kale, zikawekwa na bwawa la kuogelea. Kama mnakuja kwa ajili ya bahari na mna watoto, nendeni Shela. Kama mnakuja kwa ajili ya mji wenyewe, mji wenye watu bila kukatika kwa miaka zaidi ya 700, kaeni mjini, na Shela mwende siku moja moja kwa boti.

Ndugu zangu hunigombeza nikiwaambia wageni maneno haya, kwa sababu nyumba yetu iko mjini. Lakini mgeni aliyekosea mtaa hunung'unika wiki nzima, na anayemsikiliza ni mimi.

Halafu jifunze maji. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: hujaa sana na hupwa sana. Siku hizo kwetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Kila siku wakati husogea mbele kama dakika 50. Katikati ya bamvua na bamvua ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa nini mtu wa likizo ajue haya? Kwanza, njia ya miguu ya kwenda Shela hufuata bahari, dakika 40 na kitu, na maji yakijaa sehemu ya njia hiyo humezwa. Utafika umeshika viatu mkononi na nguo zimelowa magotini. Pili, kuna nyumba ambazo boti huegesha mlangoni maji yakijaa, lakini yakipwa huegesha mbali.

Nikiwa Shela tulipokea familia moja saa nne asubuhi, siku ya mwezi mpevu. Mabegi kumi na moja, sanduku la barafu na kigari cha mtoto. Nahodha aliwaambia wasubiri mjini mpaka alasiri, baba akasema amelipia nyumba tangu asubuhi. Walishukia kwenye tope. Kigari kilizama magurudumu yote manne na kikabaki pale mpaka tulipokwenda kuking'oa. Wazee husimulia kwamba jeshi la kisiwa cha Pate na la Wamazrui, waliotawala Mombasa, lililoshuka Shela miaka ya 1810, lilipigwa likakimbilia majahazi yake na kuyakuta yamekaa juu ya mchanga, maji yamekwisha kupwa. Kama maji hayakuwangoja watu wenye mapanga, hayatamngoja baba mwenye kigari. Kwa hiyo muulize mwangalizi: "Tarehe tunayofika, maji yanajaa saa ngapi, na boti itatushusha wapi?" Mwangalizi wa kweli atakujibu papo hapo, au atakwambia ngoja nimuulize nahodha. Asiyejua kabisa, labda hayuko Amu.

Nyumba ya mawe inavyolala

Sasa turudi kwenye vyumba. Nyumba ya Amu imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mkoko. Boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba. Mti wa mkoko unaofaa kubeba dari hauzidi urefu fulani, kwa hiyo vyumba vyetu vina upana wa mita 2.5 hivi, basi. Urefu unaweza kwenda upendavyo. Ndiyo maana mgeni akiingia hunambia, "Mbona chumba ni kama ukumbi wa treni?"

Unaingia kwa daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Unapita tekani, kiukumbi cha nyuma ya mlango, unakunja kona (imekunjwa makusudi, mpita njia asione ndani), unatokea kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi juu. Kisha ndipo misana, vile vyumba virefu vyenyewe: msana wa tini (wa chini), na nyuma yake msana wa yuu (wa juu), umenyanyuka kidogo. Nyuma ya hapo kuna ndani, chumba cha faragha chenye ukuta wa zidaka, zile tundu ndogo za kuwekea vyombo, zimepangwa safu juu ya safu. Misana haikuwa na milango. Ilikuwa na mapazia. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja, watu wasiofichana.

Picha za mtandaoni zitaandika "vyumba vinne". Kweli ni vinne. Niliwahi kupokea bwana mmoja na mkewe, watoto wawili na mama mkwe. Bwana alikuwa amehesabu vyumba akaona vinatosha. Usiku wa kwanza yeye alilala msana wa tini na mkwewe msana wa yuu, katikati pana kitambaa cha melimeli. Mama wa watu alikuwa akikohoa kila akigeuka ili mkwe ajue yuko macho. Usiku wa pili nilimkuta bwana paani na mto wake, kajifunika shuka, nyota tupu.

Basi ulizeni hivi: ni vyumba vingapi vyenye mlango wa mbao unaofungwa? Na msiridhike na picha. Mwambie mwangalizi apige video akitembea kutoka mlango wa mtaani mpaka paani bila kukata. Hapo utaona nani anapita kwenye chumba cha nani akienda chooni, na utaona ngazi.

Ngazi zetu ni za mawe, vipandio virefu, vyembamba, na nyingi hazina mahali pa kushika. Nyanya yangu alizipanda mpaka alipofika miaka themanini na kitu, lakini alizaliwa nazo. Mkija na mzee mwenye magoti mabovu, hitaji la kwanza ni kitanda na choo cha chini, orofa moja. Jiko la kizamani nalo, kidari cha meko, liko juu kabisa chini ya makuti ili moshi utoke. Nyumba nyingine bado hupika huko. Chai ya mzee itashushwa, sawa, lakini yeye asilazimike kupanda kwenda kula.

Jambo dogo kuhusu kuta: msipige msumari. Chokaa ikipigwa humeguka bapa zima, na kuirudishia kunataka fundi anayejua kuchanganya chokaa. Saruji hufunga unyevu ndani ya tumbawe na ukuta huoza taratibu. Bembea ya kulalia pia msiifunge kwenye boriti yoyote mliyoiona. Kuna boriti zinazobeba, na kuna ambazo siku hizi zimebaki kwa heshima tu.

Maji ya kuoga, na visamaki

Maji matamu ya kisiwa hiki hutoka zaidi chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani, visima huyapokea. Si bahari isiyoisha. Wakati wa kiangazi bomba la mjini huja kwa zamu, na visima vya baadhi ya nyumba vina chumvi. Sabuni haitoi povu na nywele hugeuka kamba. Uliza tangi la nyumba lina ukubwa gani, na maji ya kunywa yananunuliwa na nani. Nyumba yetu ina tangi la lita 3,000 paani, na watu wanane wanaooga mara tatu kwa siku hulimaliza kabla bomba halijarudi. Huwaambia mapema. Mara mbili zatosha, na sehemu nzuri ya kuoga mchana ni baharini kule Shela.

Choo cha msana wa yuu hatukukigusa. Kina birika la zamani, hodhi la chokaa lililojengwa ukutani, unateka maji kwa kata na kujimwagia. Mabirika haya huwekwa visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Ukichungulia chini utaona bakuli la Kichina la buluu na nyeupe lililozamishwa kwenye sakafu ya birika: maji yakiisha, bakuli hubaki nayo kidogo na samaki hawafi. Mtu aliyelifikiria jambo hilo simjui, lakini kila nikisafisha humwombea.

Mwaka juzi mtoto wa mgeni alimimina humo chupa nzima ya sabuni ya povu. Alidhani ni bafu la hoteli. Asubuhi nimekuta povu mpaka ukingoni na visamaki vyote tumbo juu. Nilisuuza mara nne, nikaenda kwa jirani kuomba vitatu kwenye kikopo cha maziwa, na sasa ni ukoo mzima tena. Sikumlipisha mtu. Lakini tangu siku ile, ninapokabidhi nyumba naanza na birika ndipo nionyeshe mahali stima inapowashwa.

Msimu

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi, bahari ni tulivu, joto kali, na nyumba hujaa. Disemba ya mwisho na Januari ya mwanzo bei hupanda, na mwenye nyumba nzuri Shela huwa amekwisha kuikodisha miezi mingi kabla. Kusi huanza mvua za masika zikija, Aprili na Mei. Bahari huchafuka, na nyumba nyingi hufungwa kwa ukarabati. Mimi napenda Agosti na Septemba: kusi limepungua ukali, usiku ni wa kujifunika shuka, paani kuna upepo wa bure. Ukija wakati wa joto, uliza kama feni ipo juu ya kila kitanda na kama kuna stima ya akiba. Chandarua ni lazima, na kikague kama kina tundu kabla hujalipa salio, si saa sita usiku.

Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Saleh, huwa Mfungo Sita (mwezi wa Rabiul Awwal), na wiki hiyo watu huja kutoka pwani nzima na visiwani. Kuna matari, mashindano ya punda na mashua, na hutapata hata baraza ya kulalia kama hukuagiza mapema. Kila mwaka husogea nyuma siku 11 hivi, kwa hiyo usitumie tarehe ya mwaka jana. Ramadhani nyumba hupatikana kwa urahisi na mji huwa mzuri usiku, ila mchana mikahawa mingi hufungwa. Mpishi wako amefunga. Atakupikia, lakini usimwambie aonje chumvi.

Mpishi, soko na samaki

Nyumba nyingi hukodishwa pamoja na mpishi na mwangalizi. Uliza kama mishahara yao imo ndani ya bei au ni juu yako. Vyakula karibu kila mara ni juu ya mgeni. Pesa za soko mpe mpishi usiku, msiamke saa tatu mkaanza kujadiliana mnakula nini. Saa hiyo samaki mzuri amekwisha kwenda hotelini. Mimi huwa sokoni saa moja na nusu.

Ukitaka kwenda mwenyewe, twende, lakini acha niongee mimi. Mnyanyue samaki umtazame jicho: liwe limejaa na ling'ae, lisiwe limezama. Fungua shavu, ndani pawe pekundu kama tikiti. Bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama ikirudi, lipa. Songoro na kolekole ni wa mchuzi na wa kukaanga vipande, changu na tewa ni wa kupaka. Samaki wa kupaka humchanja, namtia ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili, namchoma kwenye makaa mpaka ngozi ishike, ndipo nampaka tui zito lililopikwa na ukwaju, upande huu, upande huu, mpaka tui ligande juu yake. Nazi nakuna mwenyewe juu ya mbuzi. Siku za kusi kali wavuvi hawatoki nje ya miamba, na hapo usinidai songoro. Utakula maharagwe ya nazi kwa mahamri na utashukuru.

Mwambie mpishi mapema nani hali nini. Na mpe Ijumaa adhuhuri yake.

Pesa

Arubuni ya nusu ni kawaida, salio mkifika na kuiona nyumba. Kabla ya kutuma, piga simu ya video na umwombe mtu huyo apande paani ageuze kamera akuonyeshe bahari na mnara wa msikiti ulio jirani. Jina la M-Pesa lilingane na jina mliloafikiana. Nyumba za kukodisha wageni Kenya hupaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Omba kuiona, si matusi.

Nasema haya kwa sababu kuna mtu aliwahi kuchukua picha za paa letu akazitangaza kwa namba yake. Niligongewa mlango alasiri moja, nikafungua, nikakuta watu sita na mizigo, wamelipa kila kitu kwa mtu nisiyemjua, na ndani nina wageni wengine. Mama yao alikaa dakani akalia. Niliwapeleka kwa shangazi yangu mtaa wa Langoni wakalala kwa bei ya udugu, lakini pesa zao hazikurudi.

Gatini nako, iwe mmekuja kwa ndege mkashukia Manda au kwa basi mkavukia Mokowe, vijana watawapokea. Wengi ni wema na mizigo wataibeba kweli. Akitokea mmoja akasema nyumba yenu imejaa au maji yamekatika, semeni tu, "Tunapokewa," na mpige simu kwa mwangalizi palepale. Nyumba haijai kati ya Mokowe na Amu.

Mtaani

Kuta ni nene lakini madirisha hayana vioo. Utasikia adhana ya alfajiri kutoka misikiti mitano, kila mmoja na sekunde zake, kisha punda, kisha muuza mkate. Ukiwa na usingizi mwepesi omba chumba cha ndani, si cha upande wa mtaa.

Nguo za kuogelea zibaki ufuoni na paani. Vichochoroni vaa kanga au shati. Anayekunywa pombe asitembee nayo mkononi wala asikae nayo dakani, maana daka ni la mtaa mzima, mzee wa jirani huketi hapo kila magharibi na hatahama kwa sababu umekodi nyumba. Msalimie. Shikamoo moja itakupatia nahodha mzuri, bei ya haki ya kambakoche na habari za mji wote.

Siku ya kuondoka

Lipa boti jioni ya kuamkia safari, na ukiwa na ndege ondoka mjini mapema, kwa sababu bahari ikichafuka kuvuka kwenda Manda huchukua muda zaidi. Bahashishi wape mpishi na mwangalizi kila mmoja mkononi mwake, usimpe mmoja "mtagawana".

Ufunguo vilevile mpe mtu mkononi. Kuna mgeni alinitumia ujumbe akiwa tayari uwanja wa ndege: "Dada asante sana, ufunguo nimeuacha kwenye kile kidaka." Ukuta wa ndani una zidaka sitini na tatu. Niliukuta kwenye cha hamsini na nane, nyuma ya kikombe.